Ndimu Haitoi Mafuta ya Sufuria: Kuuelewa Uchafu wa Tangi la Gari la Zamani

Pijo 504 ya baba mdogo ilisimama uani Korogwe mwaka 1999 na haikutoka tena kwa miaka kumi na saba. Kuku walitagia siti ya nyuma. Siku tuliyoifufua, iliwaka jaribio la tatu, ikatoka getini, ikashika lami kana kwamba haikuwahi kulala. Kilomita nne mbele ikaanza kukohoa, ikazima. Tukafungua boneti, tukatazamana, tukanywa maji. Baada ya dakika kumi ikawaka bila shida yoyote. Kilomita nne nyingine, ikazima tena.

"Bosi, mafuta ya siku hizi ni machafu," fundi akasema, na baba mdogo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia aya. Tukamwaga yote, tukanunua mengine kituo cha pili. Ikazima vilevile.

Sentensi ile ya fundi utaisikia kila gereji, na haikuzuka hewani. Uchakachuaji umekuwepo kweli, petroli na dizeli zikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya bei. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Kwa hiyo kumshuku mwenye kituo si ujinga. Ila kwa gari lililolala miaka kumi au ishirini, kikulacho ki nguoni mwako: uchafu umo ndani ya tangi lenyewe, na utaendelea kuyachafua mafuta mazuri kila utakapojaza.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Mmoja atasema tia mafuta ya taa utikise. Mwingine kokoto. Wa tatu siki, wa nne asidi ya betri, wa tano ameona video ya Mmarekani akitia soda nyeusi. Kinachochanganya zaidi ni kwamba kila mmoja ana mfano wa gari lililopona kwa dawa yake, na wala hadanganyi.

Nenda jikoni. Una sufuria iliyogandiwa mafuta ya nyama, na una birika lililoota magamba meupe ya chumvi ya maji. Ndimu italing'arisha birika, lakini ukiipaka kwenye ile sufuria utapoteza ndimu. Sabuni ya maji moto itatoa mafuta ya sufuria, ila magamba ya birika hayatashtuka. Hakuna anayebishana kuhusu hilo, kwa sababu tunajua ule ni uchafu wa aina mbili. Kwenye tangi la gari tunalisahau kabisa. Tunasema "tangi chafu" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe humo mnaweza kuwa na vitu vinne tofauti: gundi ya petroli, maji, kutu, na kwa magari ya zamani kweli, masalia ya madini ya risasi (ledi). Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja mara nyingi haigusi kingine.

Gundi

Petroli haijaumbwa kwa kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa mamia ya vimiminika, vingine vyepesi sana, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyowasha injini asubuhi ikiwa baridi, na ndivyo vinavyotangulia kuruka tangi likikaa. Ndiyo maana petroli ya miezi mingi inashindwa kuwasha gari hata kama bado inashika moto ukiijaribu pembeni.

Kinachobaki hakitulii. Oksijeni ya hewani inashikana na sehemu ya vimiminika vile, na molekuli ndogondogo zinaanza kuungana kuwa kubwa. Mfano wake unao nyumbani. Itazame chupa ya mafuta ya kupikia iliyosahauliwa juu ya kabati, au ukuta wa nyuma ya jiko. Mafuta yaliyomwagika pale yamegeuka kitu kinachonata, cha rangi ya kahawia, ambacho kitambaa kikavu hakikitoi. Ukikiacha mwaka mwingine kitakauka kiwe kama vanishi. Petroli inapita njia hiyohiyo. Mwanzo inabadilika rangi kama chai ya rangi, halafu inakuwa nzito kama asali, mwisho inakuwa utando mgumu unaong'aa, au lami inayokaa chini. Harufu nayo inabadilika. Ile harufu kali ya petroli inapotea, inakuja harufu ya rangi ya mafuta iliyochacha. Ukiinusa mara moja hutaisahau.

Joto linaharakisha mambo. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 za ziada huongeza kasi ya mabadiliko ya namna hii karibu mara mbili, kwa hiyo gari lililolala Tanga mjini litakuwa na hali mbaya kuliko lililolala Lushoto. Shaba nayo huchochea. Kama kuna fundi aliyewahi kubadilisha paipu ya mafuta akaweka ya shaba kutoka kwenye friji, ameongeza chachu.

Maji

Haya ni rahisi kuyaelewa. Lita ya maji ina uzito wa kilo moja, lita ya petroli ni kama gramu 740. Maji yanazama. Na paipu inayonyonya mafuta iko karibu kabisa na sakafu ya tangi, kwa hiyo nusu glasi ya maji inatosha kulisimamisha gari lenye lita arobaini za petroli nzuri. Watu husema maji hayo ni umande wa usiku, kwamba tangi linapumua, mchana linatoa mvuke na usiku linavuta hewa yenye unyevu. Ni kweli, ila umande huo ni kidogo. Mengi huingia kwa njia ya kawaida zaidi: kifuniko chenye mpira uliochoka, na mvua za masika.

Na kwa wanaofuata video za Marekani: kule petroli nyingi huchanganywa na ethanoli kiasi cha asilimia 10, na ethanoli huvuta maji. Mambo mengi wanayoyalalamikia yanatokana na hilo. Jirani yetu Malawi amekuwa akichanganya ethanoli tangu 1982, kwa hiyo si jambo geni Afrika, lakini usidhani kila unachosikia kwenye video kinaihusu petroli iliyolala ndani ya Pijo lako.

Kutu

Hii ndiyo iliyokuwa ikiizima Pijo ya baba mdogo, na namna inavyofanya kazi ni kama kiini macho.

Matangi ya zamani ni ya bati la chuma, mengi yakiwa yamepakwa ndani tabaka jembamba la risasi na bati jeupe kuzuia kutu. Tabaka hilo linaanza kuachia kwenye viungo na mikunjo. Kutu inapenda sehemu mbili: sakafuni, maji yanapotuama, na darini, juu ya usawa wa petroli, ambako chuma kiko wazi kwa hewa yenye unyevu. Watu wakichungulia kwa tundu la kujazia wanaona sakafu, wanasema tangi zuri. Dari hawaioni.

Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inavimba na kubanduka magamba. Injini ikinguruma, pampu inavuta, na gamba linavutwa mpaka kwenye mdomo wa paipu, linakaa pale kama jani kwenye tundu la sinki. Gari linakohoa, linazima. Pampu ikisimama, hakuna kinacholishikilia lile gamba, nalo linadondoka taratibu. Dakika kumi baadaye njia iko wazi, gari linawaka, na fundi anakwambia lilikuwa limepata joto. Ukiona gari linalozima baada ya umbali uleule na kupona likipumzishwa, chungulia tangi kabla hujanunua koili.

Wenye Volkswagen Beetle za miaka ya 1950 wana toleo lao la kisa hiki. Gari lile halikuwa na geji ya mafuta. Lilikuwa na kikono karibu na miguu ya dereva, na mafuta yakikata unakigeuza ili kufungulia akiba ya lita chache za chini. Sasa fikiria, akiba hiyo ni zile lita zinazokaa juu ya mashapo ya miaka yote.

Risasi

Tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa kiambato cha risasi ili injini isigonge. Nchi za kusini mwa Sahara ziliafikiana Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia Januari 2006 zikawa zimeacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021, na tangazo la mwisho wa zama hizo lilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu gari la zamani si limetembea kilomita ngapi, bali lilisimama mwaka gani. Likiwa lilisimama kabla ya 2006, yachukulie mashapo yake kuwa yana risasi. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto, na ile ya kwenye petroli ya zamani hupenya hata ngozini. Vaa glavu zinazostahimili petroli, si zile nyembamba za saluni. Usifanyie kazi hiyo wanapochezea watoto. Na acha kabisa ile tabia yetu ya kunyonya mpira kwa mdomo ili mafuta yaanze kutoka. Hata petroli ya leo isiyo na risasi, tone likiteleza kwenye mapafu, litakulaza hospitali.

Tangi tupu

Kabla ya dawa yoyote lazima niseme hili, na nalisema kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloua.

Watu wengi huogopa tangi lililojaa na kulidharau lililomwagwa. Ni kinyume. Petroli ya maji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kipimo fulani. Kipimo hicho ni kati ya kama asilimia 1.4 na 7.6 za mvuke. Ukipungua hapo hakuna moto, ukizidi hapo hakuna moto. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo, na nafasi hiyo imejaa mvuke mzito mno. Tangi uliloliacha na kikombe kimoja cha petroli, halafu likaingiza hewa, ndilo linaloweza kuangukia katikati ya kipimo. Na usitegemee baridi ikusaidie, kwa sababu petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwetu haipo saa ya usalama.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, unatambaa chini kama maji yanayotafuta mteremko. Mama lishe mwenye jiko la mkaa upande wa pili wa uzio yuko karibu kuliko unavyofikiri. Toa waya za betri kabla hujagusa kitu. Fanya kazi nje, penye upepo. Tochi iwe ile iliyozibwa vizuri, si balbu ya waya inayoning'inia. Mashine ya kukaushia nywele, ambayo wengi huielekeza kwenye tundu la tangi ili likauke, ina waya mwekundu wa moto ndani yake; haina kazi hapo mpaka tangi liwe limeoshwa kwa maji hadi harufu imekwisha. Na fundi akikwambia atachomea tangi "maana halina kitu," lichukue uondoke nalo.

Glasi mbili

Sasa tuujue uchafu wako ni upi. Chota mafuta kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi, tia kwenye chupa ya kioo, uiache usiku kucha. Asubuhi utaona yenyewe imejipanga: petroli juu, maji chini, mashapo chini ya maji. Hilo peke yake limeshajibu nusu ya swali.

Halafu kwangua kidogo kile kilichoganda ndani ya tangi, kwa mti, si kwa bisibisi. Gawa mafungu mawili. Moja litie kwenye glasi ya kioo yenye asetoni au thina, jingine kwenye glasi yenye siki. Acha mpaka kesho. Likiyeyuka kwenye asetoni, ni gundi. Likififia au kubadilisha rangi kwenye siki, ni kutu. Mara nyingi kila glasi itakula kidogo na kuacha kidogo, maana yake vimechanganyika, na hiyo ndiyo hali ya kawaida ya gari lililolala miaka mingi. Sumaku nayo husaidia, kwa kuwa magamba mengi ya kutu hunaswa nayo na gundi haijali.

Glasi hizo zisirudi kabatini.

Gundi kwanza

Gundi inatangulia, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Gundi imelala juu ya kutu kama mafuta juu ya ukoko wa wali. Ukitia siki mwanzoni, inakutana na gundi na haifiki kwenye chuma. Mtu anamwaga siki, anachungulia, anaona hakuna kilichobadilika, anaamua siki haifai, anakwenda kuchukua asidi ya betri.

Tangi lishushwe garini. Toa boya la geji na paipu yake, kwa sababu dawa nyingi zitayaua. Gundi laini, ya miaka miwili mitatu, inatoka kwa lita chache za asetoni au thina, ukiligeuza tangi upande huu na ule kila baada ya saa kadhaa. Kila upande upate zamu yake chini. Gundi kongwe iliyokuwa vanishi haitaki haraka, na asetoni ya kutosha itakugharimu.

Hapo mimi hutumia magadi. Gundi ya petroli iliyochacha ina vitu vyenye asili ya tindikali ndani yake, na magadi, yakiwa kinyume cha tindikali, huvigeuza kuwa kitu kama sabuni kinachochukuliwa na maji. Magadi ya kupikia maharage yanatoka katika ukoo huo, lakini huja na mchanga na ni dhaifu. Yanayofaa ni yale ya viwandani, meupe ya unga, yanayotokana na magadi ghafi kama yale ya Ziwa Magadi kule Kenya, baada ya kuchomwa. Gramu 50 kwa lita ya maji yaliyochemshwa pembeni, yakamiminwa tangini yakiwa ya moto. Nasema yaliyochemshwa pembeni, maana nimeshaona tangi limetegwa juu ya mafiga. Acha saa kadhaa, tikisa, mwaga, rudia. Yatatoka maji ya rangi ya kahawa yenye povu. Yasilale humo siku nyingi, kwa kuwa yanakula lile tabaka la ndani na yanaharibu kabisa aluminiamu.

Na mafuta ya taa? Ni ndugu wa petroli. Gundi iliyoishinda petroli haitaogopa ndugu yake mnene. Yanalainisha tabaka la juu, yanabeba uchafu uliokuwa umeshaachia, fundi anaona maji meusi anaridhika. Kisha yanaacha utando wa mafuta kwenye chuma, na utando huo unaizuia dawa ya kutu.

Halafu kutu

Magamba makubwa yatolewe kwa kugonga. Nati za chuma au kokoto safi zinafaa, ukitikisa mpaka mikono ife ganzi. Wengine hulifunga tangi kwa magodoro ndani ya mashine ya zege na kuiacha izunguke. Zihesabu nati kabla ya kutia. Ndani ya matangi mengi mna kuta za kuzuia mafuta yasiyumbe kwenye kona, na nati hupenda kujificha nyuma yake. Mnyororo ni mbaya zaidi, unajinasa na hautoki. Usifanye hivi kabla tangi halijaoshwa, maana chuma kwa chuma ni cheche.

Kutu iliyobaki inahitaji dawa ya kuiyeyusha. Siki hufanya kazi, polepole, siku mbili tatu. Asidi ya ndimu ya unga, ile inayotiwa kwenye juisi, ni bora na nyepesi kubeba: gramu 50 hadi 100 kwa lita, usiku mmoja, ukichungulia kila mara. Soda nyeusi ina tindikali kweli, ila ni kidogo, na inakuachia sukari ya kuosha. Kama una soda, inywe.

Asidi ya betri na dawa za kusafishia vyoo ndizo zinazoharibu matangi mazuri. Zinaondoa kutu kwa dakika, ndiyo maana zina sifa. Lakini hazijui kutu inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Tangi la miaka hamsini limeshakonda, na asidi kali itamaliza kazi. Zile zenye kloridi, kama dawa nyingi za vyoo, huacha chumvi kwenye vinyweleo vya chuma, na kutu inarudi kwa hasira wiki hiyohiyo.

Kuna njia ya umeme pia, ambayo wapenzi wa magari ya zamani huisifu sana, na wana haki. Unajaza tangi maji yenye magadi kidogo, unaning'iniza kipande cha nondo katikati bila kugusa popote, waya hasi wa chaja ya betri kwenye tangi, waya chanya kwenye nondo. Kutu inageuka unga mweusi unaokwangulika. Ukibadilisha waya utalila tangi badala ya nondo. Njia hii hutoa hidrojeni, kwa hiyo iwe nje na mbali na moto, chaja izimwe kabla ya kugusa waya. Usitumie kijiko au chuma chochote kisichoshika kutu badala ya nondo; hutoa aina ya kromu yenye sumu kali ndani ya maji yale.

Lakini dawa ninayoipenda mimi ni molasi. Ndiyo, ile ya ng'ombe, inayotoka kwenye viwanda vya sukari. Fungu moja la molasi kwa mafungu tisa ya maji, unajaza tangi hadi juu ili dari nayo ipate haki yake, unasubiri wiki mbili. Inaidaka kutu na kuiacha salama sehemu kubwa ya chuma kizima. Ni rahisi mno. Ubaya wake ni harufu, nzi, na uchachukaji: usikaze kifuniko, kwa maana inatoa gesi. Baba mdogo alilalamika siku zote kumi na nne kwamba nimemfungulia kiwanda cha pombe uani.

Tundu lililozibwa na kutu

Wiki mbili zikaisha, tukamwaga, tukaosha, tukajaza maji safi. Yakaanza kudondoka sehemu tatu. Baba mdogo akanitazama. "Kabla hujaligusa lilikuwa halivuji." Kweli, halikuwa likivuja, kwa kuwa kutu ndiyo iliyokuwa kiraka. Wengi hukata tamaa hapo na kulaumu dawa, lakini ni afadhali kulijua tundu hilo likiwa na maji uani kuliko likiwa na petroli barabarani. Watu wa kuwapelekea si wachomeaji wa mageti, ni mafundi wa rejeta. Wamezoea bati jembamba na kulehemu kwa joto la wastani, na walio makini watalichemsha tangi upya kabla ya kulisogeza karibu na moto. Mwulize kama atafanya hivyo. Jibu lake litakuonyesha kama ni fundi au la.

Kuna rangi maalumu za kupaka ndani ya tangi ili kuziba vitundu na kuzuia kutu. Sizipendi sana. Zikipakwa juu ya chuma kisichosafishwa sawasawa, baada ya muda zinabanduka ngozi kwa ngozi na kuziba paipu vibaya kuliko kutu. Tangi likiwa zima, liache uchi. Likiwa limeoza kila mahali, tafuta jingine.

Kukausha ni mbio. Chuma kilichotoka kwenye tindikali kiko uchi kabisa, na ndani ya dakika chache utakiona kinaanza kupata rangi ya chungwa mbele ya macho yako. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua tindikali iliyobaki, mwaga, zungushia spiriti inayovuta maji yaliyojificha kwenye mikunjo, imwage, kisha hewa ya kompresa mpaka pakauke. Spiriti nayo inashika moto, usijisahau. Likikauka tu, rudisha garini na ujaze petroli hadi juu. Tangi la chuma lililojaa halina hewa ya kutosha kuota kutu. Ukijua gari litalala tena, ama lijaze, ama likaushe kabisa. Robo tangi ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Mashapo na petroli kongwe usimwage mtaroni wala kwenye shimo la choo, hasa yale ya kabla ya 2006. Tia kwenye madumu, yaandike, uwape wakusanyaji wa taka hatarishi wenye kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi yako. Ni usumbufu, najua. Kisima cha jirani kiko pale pale.

Usisahau kwamba gundi haikuishia tangini. Imo kwenye paipu, kwenye pampu, na zaidi kwenye vitundu vya kabureta ambavyo ni vyembamba kama sindano. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe. Weka chujio la plastiki linaloonyesha ndani kabla ya pampu, hata kama gari halikuja nalo kiwandani. Wapenda asili watanuna, wewe utaona kinachopita.

Chujio la kwanza la Pijo lilijaa vumbi la rangi ya matofali kabla hatujafika Segera. La pili lilidumu hadi Chalinze na kurudi. La tatu lilitoka na punje mbili, na baba mdogo, aliyekuwa hashiki spana, akalishika juani akalizungusha muda mrefu, kisha akauliza bei ya siti ya nyuma.